Jeneza Nililomtengenezea Mke Wangu

Langas, mtaa wetu hapa Eldoret, wananijua. Nilianza nikisukuma mkokoteni wa mbao za wenyewe, na shule niliiachia darasa la sita. Leo nina karakana yangu ya useremala, nyumba Elgon View kwa matajiri, na mke ambaye nchi nzima inamwona kwa televisheni.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye ukumbi wa shule niliyokuwa nimepelekea madawati. Walikuwa wanaigizia wanafunzi kitabu cha fasihi cha mtihani, na yeye, msichana mbichi, alicheza nyanya mgonjwa hadi nikatafuta kiti cha kumpa. Nikamwoa, na miaka ikaenda hivyo, yeye akiigiza shule baada ya shule, mpaka televisheni ikamchukua. Alipocheza mama mkwe mkali, wanawake sokoni walikataa kumuuzia mboga.

Halafu siku moja akaniambia, akimenya viazi, "Wameniua kwenye kipindi. Lakini nakufa vizuri."

Mazishi yangepigwa picha kwenye shamba moja upande wa Plateau. Dairekta alikuwa anatafuta jeneza la kukodi. Nikamwambia kwamba mke wangu hawezi kulala kwa jeneza la kukodi. Nililiunda mwenyewe, na kifuniko kikakaa hata ukucha haupiti. Hakuna fundi Eldoret angefanya hivyo.

Mama yangu akapiga simu. "Umempima mkeo sanduku akiwa hai?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Na kifo nacho kinajua ni mchezo?"

Nikamwomba mke wangu aseme waweke gunia la mchanga ndani badala yake.

"Baba watoto," akasema, "wakibeba mchanga watatembea kama watu wa mjengo waliobeba simiti. Hili ndilo onyesho langu la mwisho pale. Wanibebe mimi."

Siku yenyewe akalala ndani, pamba puani, na kamera ikamtazama kwa karibu. Kisha kifuniko kikashuka. Hakikutoa hata mlio, na hapo ndipo nikakumbuka: nilikuwa nimeziba kila mwanya. Sikutoboa tundu hata moja.

Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili. Akaja mchungaji wa kuigiza, jamaa aliyepewa "amina" tu aseme. Kuona kamera, akaanza kuombea serikali, mvua, mahindi, wagonjwa wa hospitali. Nikasogea. Kijana wa kamera akanishika shati.

"Mzee, utaonekana kwa picha!"

"Mke wangu yuko ndani!"

"Ndiyo, tunajua."

Nikamsukuma. Nikaling'ang'ania lile jeneza kwa vidole, na kazi yangu mwenyewe ikanikatalia. Kifuniko kilipotoka, alikuwa amelala vilevile, jasho usoni, macho yamefungwa. Kifua sikukiona kikipanda.

"Mama watoto," nikaita. "Mama watoto!"

Hakufungua jicho. Midomo ikatikisika kidogo sana.

"Lia," akanong'ona. "Bado wanapiga picha."

Nikalia. Nililia mbele ya watu wote wale, mimi ambaye hata polisi wa mjini hawajawahi kuniona nikitetemeka.

Dairekta akafurahi sana. Akasema turudishe kifuniko, tuendelee hadi kaburini. Nikakikalia kile kifuniko nyasini, nikamwambia hakiendi popote mpaka mtu alete drili nikitoboe matundu.