Kwake Bado Ni Asubuhi

Juzi binti yangu alinionyesha video ya shimo jeusi la angani. Ukilisogelea, saa yako huenda polepole kuliko za walio mbali. Nikakumbuka mchana mmoja Segese, nikiwa msichana mdogo.

Baba alichimba dhahabu kwenye shimo refu, wenyewe wakiliita duara. Aliwahi kuniambia, "Kule chini hakuna saa, mwanangu. Unaingia asubuhi, na inabaki asubuhi." Niliamini hivyo hivyo.

Mchana ule duara lilititia baba akiwa ndani. Palinuka udongo mbichi na moshi wa jenereta. Wanaume walichimba kwa makoleo, wengine kwa mikono. Mama alikaa chini akirudia jina la baba kwa sauti ndogo. Mimi sikulia.

"Mayu, usiogope," nilimwambia mama. "Kwake bado ni asubuhi. Hajachelewa."

Mama akanipakata, nikasikia moyo wake ukidunda mgongoni kwangu.

Leo najua kwamba kule chini hewa huisha. Wakati ule nilishangaa tu kwa nini wanaume walianza kuweka makoleo chini, mmoja mmoja, na jua bado lilikuwa juu.