Binti Yangu Anataka Radhi Aende Kwenye Uchaguzi wa Gambia

Asalaam aleikum admin. Nifiche jina, ingawa hapa Ibra, Oman, hata nikijulikana hakuna wa kunifanya kitu. Umri wangu themanini na nne. Nimewazika wake wawili, ndugu zangu wote, na daktari aliyenambia nipunguze halua. Nimefika nchi hii kabla ya lami, na tufani iliyobeba magari mjini Suri kama makopo nimeiona kwa macho yangu. Skuli sikwenda, nimeishia chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, lakini haya naandika kwa kidole changu mwenyewe, na kidole kimechoka, basi nisomeni polepole.

Nina binti mmoja, nesi, wa miaka arubaini na moja. Aliolewa na mtu wa Gambia, Afrika ya Magharibi huko, anasomesha hesabu mji wa Mudhaibi, hapa hapa Oman. Watu walinong'ona. Nikawaambia pale kwenye sabla, tunapokaa wanaume wa mtaa na kahawa, kuwa mkwe nimemchagua mimi, mwenye neno alitoe mbele yangu. Hakulitoa mtu. Lakini siku ya akdi niliweka sharti, shekhe akasikia na mashahidi wakasikia: asimtoe mwanangu Oman bila ya ruhusa yangu. Akakubali, na kwa haki yake niseme, miaka kumi na mbili hii hajalivunja. Kila Ijumaa anakuja na watoto, ananambia shikamoo kwa lafudhi yake ile, watoto wanamcheka.

Sasa mwisho wa mwaka kwao wanachagua raisi. Anataka kwenda kupiga kura, ndugu zake wamemtaka awe wakala wa chama chao kituoni, na anataka kufuatana na mke na watoto ili bibi yao awaone. Akaja kuniomba ruhusa. Akanieleza, nadhani ili kunilainisha, kuwa kwao kura haiandikwi. Kila mtu anapewa gololi moja, anakwenda nyuma ya pazia, anaitia kwenye pipa la yule anayemtaka. Ndani ya pipa mna kengele, ikilia mara moja walio nje wanajua katia moja tu.

"Ammi, hata asiyejua kusoma hahitaji wa kumsaidia," akasema.

Nikamwambia mimi nimepiga kura baba yako hajaota ndevu, na sikusaidiwa na mtu.

Na hapo ndipo penye donda. Nilipiga Unguja, mara moja katika umri wangu. Nilivaa kanzu mpya. Mbele yangu kwenye foleni alisimama jirani yetu muuza mkate, tukigawana sigara, watu wanacheka siku ile utadhani harusi. Haukupita mwaka, jirani yule yule akaja na wenzake kumtoa baba yangu ndani. Baba hakurudi, na kaburi lake sikuonyeshwa. Basi ikilia kengele au ikiandika kalamu, kwangu mimi ni mamoja.

Nikasema hapana. Mkwe akainamisha kichwa, akasema neno langu ndilo, atakwenda peke yake. Nikatoka nikaenda sabla, nikajisifu sana, nani wa kunivuka mimi. Siku ya pili akaja binti yangu peke yake. Akakaa chini kunikata kucha za miguu, kama anavyonifanyia siku zote, na bila kuinua uso akasema:

"Baba, sharti ulimwekea mume wangu, na yeye kalishika. Mimi hukuniwekea. Sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuomba radhi."

Nikamuuliza huko kukiwaka moto hiyo radhi itamzimia?

"Ukinipa nitakwenda, usiponipa nitakwenda. Lakini likinipata jambo, lisinipate nikiwa sina radhi zako."

Akamaliza mguu wa pili, akanawa mikono, akaondoka. Hii sasa wiki ya tatu. Chakula analeta, shikamoo anatoa, marahaba naitika, basi. Tiketi yake na za watoto kakata mwenyewe. Mkwe kanipigia simu kuniapia kuwa yeye hakumshawishi, na mimi namwamini, ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia.

Sabla nako siendi tena. Mara ya mwisho mzee mwenzangu mmoja, tumekuja meli moja kutoka Unguja, alinambia mbele ya watu, "Bwana weye, miaka sitini unakimbia, hujafika tu?" Wakacheka. Zamani ningemjibu neno akalala nalo. Siku ile nilitafuta bakora yangu nikarudi nyumbani.

Nimechoka jamani. Nikitoa radhi kisha yakatokea ya kwetu, nitakuwa nimemsimamisha foleni ile kwa mkono wangu. Nikiizuia akafia huko, kafa bila ya radhi za babake, na mtoto huyu hajanikosea hata siku moja. Mimi baba yangu alipotolewa sikuwahi kumwomba radhi, na mpaka leo sijui ninazo au sinazo. Kuishi hivyo nakujua mimi, simtakii mtu.

Nyinyi mlio wengi humo ndani, wenye watoto na mliozikimbia nchi zenu, nipeni akili zenu. Niitamke hiyo radhi, au nikaze hivi hivi mpaka ndege iondoke? Msinambie niende nao. Nimeshalifikiria, magoti yamekataa.

Na anayeona mzee katunga, shahidi wangu ni binti yangu mwenyewe. Ukurasa huu anausoma akiwa zamu hospitali, mara nyingine hunisomea na mimi. Atanijua kabla hajafika nusu. Kama nimezidisha neno, na aje anisahihishe. Mimi nipo.