Barua ya Mwenyekiti

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Bukoto, na juzi nilikwenda ofisi ya serikali kuomba leseni ya udalali. Walitaka barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Mwenyekiti wetu hana muda wa kuandika. Unaiandika mwenyewe, yeye anagonga muhuri tu. Basi nikajisifu mpaka nikaona haya: sidanganyi wateja, sifichi paa linalovuja. Mwishoni nikaweka, "Kwa maswali, nipigieni," na namba.

Mama aliyenihoji pale ofisini aliisoma akitabasamu. "Ssebo, bwana wangu, mwenyekiti wako anakupenda sana. Ngoja nimsalimie."

Akabonyeza ile namba. Sisi madalali tumezoea kuandika namba zetu kwenye kila karatasi.

Simu ikalia mfukoni mwangu.