Mahali Pake Kwenye Ngazi za Homa Bay

Kaka yangu mkubwa aliposema mke wangu abaki nyumbani awapikie wakata miwa, na kaka mwenyewe achukue nafasi yake twende Homa Bay wawili, nilijibu, "Sawa." Ningeweza kukataa. Sikuwa na sababu ya kukubali, ila tu yeye alikuwa mkubwa, baba yetu alikuwa ameshakufa, na mimi nilikuwa nimezoea kumwitikia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tuliishi karibu na Awendo, katika boma la baba, na shamba la miwa lilikuwa letu sote. Mke wangu alitoka upande wa Magunga. Baba yake alikuwa mpiga nyatiti, kile kinanda cha nyuzi nane, na uzee ulikuwa umeanza kumkaza vidole. Redio ikatangaza kwamba wapiga nyatiti wazee wangekutana Homa Bay, kwenye uwanja wa muziki usio na paa, wenye ngazi za mawe zilizojengwa nusu duara kwenye mteremko, jukwaa likiwa chini. Mkwe akatutumia ujumbe kupitia mama mmoja mchuuzi wa samaki: baada ya siku hiyo hatapiga tena, na anataka binti yake awepo. Mke wangu hakuwa amemsikia baba yake akipiga tangu nimwoe.

Akaanza kupanga. Tungelala kwa shangazi yake. Chapati angepika usiku wa kuamkia safari. Jambo gumu lilikuwa mama mkwe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai karibu, wala mmoja hamtazami mwenzake akila. Nyumbani kuna kuta. Kwenye ngazi zile hakuna. Mke wangu akachukua kijiti, akazichora kwenye vumbi mbele ya jiko.

"Mama hapa chini, pembeni. Wewe juu kabisa. Mimi katikati."

"Akigeuka?"

"Inama ufunge kamba za viatu."

"Viatu vyangu havina kamba."

"Basi inama tu, baba watoto. Atajua una adabu."

Akanifundisha pia la kusema. Muziki ukikolea, msikilizaji hutupa sarafu kwenye karai, nyuzi zikasimama, naye akainuka kujisifu na kuwasifu watu wake. "Usisifu sura yangu," alisema. "Sema mimi ni binti wa nani. Hilo ndilo mzee atataka kulisikia." Nililirudia mbele yake mpaka binti zetu wawili wakalikariri.

Wiki ile ile kibali cha kukata miwa kikatoka kiwandani. Kibali hakikataliwi; ukikosa kuwa tayari, trekta huenda kwa jirani na miwa yako inakauka shambani. Kaka akaja akasimama mlangoni.

"Omera, ndugu yangu, wakata miwa wanakuja Jumamosi, siku ile ile ya nyatiti. Nani atawapikia?"

"Mke wako."

"Mgongo unamsumbua. Na nyatiti haijazi tumbo la mtu. Shemeji abaki, mimi nitakwenda nawe, mkwe asiseme tumemtupa."

Mke wangu alikuwa akichekecha unga. Hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Baba watoto?"

Hapo ndipo niliposema sawa. Nikamwambia kutakuwa na safari nyingine. Akarudi kwenye unga wake. Hakuna aliyetaja kwamba kaka mwenyewe angeweza kubaki.

Homa Bay tulikaa ngazi ya juu. Mama mkwe alitafuta kwa macho, akatuona wanaume wawili, akavuta leso usoni akageuka. Desturi haikumruhusu kunijia na kuniuliza. Mkwe akapiga vizuri kuliko nilivyotarajia, kisha akazisimamisha nyuzi mwenyewe.

"Nyara, binti yangu, yuko wapi? Wimbo unaofuata ni wake."

Maneno niliyofundishwa nilikuwa nayo mdomoni. Kaka akainuka kabla yangu, akatupa sarafu. "Mimi dume la Awendo. Trela zangu za miwa zikipita, barabara inaomba msamaha."

"Dume, keti, unatuziba," mtu akasema nyuma yetu, na watu wakacheka.

Mkwe alisubiri, akinitazama. Nilikuwa nikifikiri jinsi jiwe nililokalia lilivyo moto. Sikumbuki kufikiri jambo lingine. Akapiga wimbo mwingine, si ule.

Niliporudi nilimkuta mke wangu akisugua sufuria kubwa za wakata miwa.

"Baba aliniulizia?"

"Hapana. Watu walikuwa wengi."

"Alipiga vizuri?"

"Alipiga."

Akaendelea kusugua.

Mkwe alifariki kabla miwa iliyochipua haijawa tayari kukatwa tena. Mke wangu alitangulia msibani na watoto. Mama yake akamsimulia habari za wimbo. Nilipofika na wazee wetu, mke wangu alinijia nikiwa bado sijapewa kiti.

"Ulisema hakuniulizia."

"Ndiyo."

Akaenda kukaa na mama yake. Matanga yalipokwisha tuliondoka, yeye akabaki na watoto. Njiani nilitaka kugeuka. Kaka akasema, "Mwache, njaa itamrudisha," nami nikamsikiliza tena. Njaa haikumrudisha. Nilipokwenda kumfuata, muda mrefu baadaye, alinipa chai, akaniuliza habari za shamba, akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni.

Kwetu mwanamume hatoki kwa baba yake kwenda kuanzisha boma bila mke wake wa kwanza. Sikuoa mwingine, na sikuanzisha boma. Bado ninalala katika nyumba ile, ndani ya boma la baba. Binti zangu waliolewa wakitokea kwa bibi yao. Wananiamkia vizuri, na hatuna la kuzungumza baada ya salamu. Mke wangu alifia Magunga akazikwa kwao, si kwangu. Kwa neno lile moja, "Sawa," nilimpoteza mke, nikakosa kuwalea binti zangu, na nimezeeka bila boma langu.