Posa Iliyopitia Marekani

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu ndiyo namshukuru Mungu. Nilikuwa msichana niliyeletewa posa, nimejibanza jikoni kwetu Southall, London, sikio nimelitega mlangoni, na sebuleni wazee watatu walikuwa wakiamua kama nitaolewa au sitaolewa. Kilichokuwa kimeizuia posa yangu haikuwa tabia ya mchumba, wala ukoo wake, wala dini yake. Kilichoizuia ni siasa za Marekani. Usicheke bado, ngoja nikueleze vizuri.

Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mcheshi, asiyeweza kupita barabarani bila kumsalimia kila aliyesimama mlangoni. Halafu akafunga dishi. Alilifunga kwa ajili ya mpira na habari za nyumbani, lakini dishi lile lilikuja na chaneli moja ya Marekani, na baba akanasa humo. Ilikuwa chaneli ya makelele. Watu wanne wamewekwa kwenye visanduku vinne, wote wanazungumza kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na chini yao maandishi mekundu yanapita kutangaza dharura. Asubuhi dharura, adhuhuri dharura, baada ya isha dharura. Mama aliwahi kuuliza ni dharura gani hiyo isiyokwisha wala isiyotufikia, akaambiwa kwamba wanawake hawaelewi siasa. Siku hiyo tulikula mkate mkavu.

Sisemi kwamba kufuatilia mambo ya dunia ni vibaya. Kuuliza si ujinga, na asiyetaka kujua ya wenzake atakwama katika yake. Lakini baba aliweza kukutajia maseneta wa majimbo ambayo hakuwahi kuyaona hata kwenye ramani, na diwani wa mtaa wetu hakumjua jina. Halmashauri ilipobadilisha siku ya kuzoa taka, barabara nzima ilijua isipokuwa nyumba ya mchambuzi wa siasa. Mapipa yetu yalinuka mpaka jirani yetu, Bibi Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, akamwita baba kupitia juu ya ukuta kwa Kiswahili chake cha huko: "Mzee, hiyo Amerika iko sawa tu, lakini hii takataka yako itatuua." Baba alicheka kidogo, akaingia ndani, akaongeza sauti.

Katikati ya hayo ndipo Rashidi akaleta posa. Rashidi alikuwa kijana wa Rayners Lane, mtaa mwingine wa London, mtoto wa Mzee Sudi wa Mombasa. Mzee Sudi na baba walijuana siku nyingi, wakitaniana ni mji upi kati ya Tanga na Mombasa unaojua kupika pilau. Bahati mbaya Mzee Sudi naye alikuwa na dishi lake, na chaneli aliyoipenda ilikuwa ile ya upande wa pili, nayo ina visanduku vyake vinne na dharura zake. Siku ya Idi walikaribishwa kwetu. Pilau haijapakuliwa, Mzee Sudi akasema neno moja tu kuhusu mgombea mmoja wa huko. Baba akajibu. Basi tena. Pilau ikapoa sufuriani, na wazee wale wawili, ambao hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga Marekani wala aliyekuwa na kura huko, wakaachana mlangoni bila kupeana mkono.

Sasa kwetu watu wa pwani, mwanangu, baba wa pande mbili hawajadiliani posa uso kwa uso. Yupo mshenga. Wetu alikuwa Mzee Kombo, mzee mfupi mwenye goti bovu na subira nyingi. Kazi ya mshenga ina sharti lake: neno analifikisha kama alivyopewa, hapunguzi wala haongezi, na likiwa kali ukali si wake, maana mjumbe hauawi. Mzee Kombo alikuja kwetu na posa, akanywa chai, akasifu vitumbua vya mama, kisha akaomba jibu la kupeleka Rayners Lane.

Baba akasema, "Kamwambie Sudi kwamba mtu wake anaongopa kuhusu kodi."

Mzee Kombo alidhani ni utani. Alipoona baba hacheki, alichukua kofia yake, akapanda mabasi mawili, akafikisha. Akarudi kwa mabasi yale yale mawili: Mzee Sudi anauliza, na bunduki je? Wiki iliyofuata baba akatuma kuhusu mpaka wao wa kusini. Mzee Sudi akajibu kuhusu hospitali zao. Posa yangu ikawa inakwenda na kurudi kwapani mwa Mzee Kombo pamoja na sera za taifa ambalo hatukuwa raia wake, na kila akija alikuwa anachechemea zaidi. Mimi na Rashidi tukawa tunapigiana simu kuulizana uchaguzi huo wa Marekani unakwisha lini. Ukaisha kweli, tukashukuru. Kumbe chaneli hazina habari na kwisha kwa uchaguzi. Kesho yake dharura iliendelea pale pale ilipoishia.

Leo nacheka, lakini wakati ule sikuwa nacheka hata kidogo. Nilimpenda Rashidi, na baba yangu nilimpenda, na niliogopa kwamba nitalazimika kumkosa mmoja wao. Hofu yangu ilizidi siku baba alipotamka mezani, bila kunitazama, kwamba hawezi kumtoa binti yake kwa watu wa chaneli ile. Nikamwambia "Fine, Dad," nikapanda ngazi, nikalia hadi nikalala.

Basi Jumapili ile Mzee Kombo alibisha hodi, na nyuma yake yupo Mzee Sudi, kanzu chini na koti zito juu, uso ameukunja. Baba alishtuka. Lakini mgeni akishafika kizingitini humrudishi, hasa akiwa na mvi, kwa hiyo neno la karibu akalitoa shingo upande. Mzee Kombo hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alichukua rimoti iliyokuwa mapajani mwa baba, akazima televisheni, kisha, mzee wa heshima zake, akaikalia.

"Leo sibebi," alisema. "Goti langu limechoka na Marekani yenu. Leo kila mmoja wenu atakuwa mshenga wa mwenzake. Sefu, hebu nieleze Sudi anataka nini. Mwenyewe akisema ndivyo, utamjibu. Akisema sivyo, huna ruhusa ya kujibu."

Baba akakohoa, akanyoosha mgongo kama mmoja wa wale wa kwenye visanduku. Akasema kwamba Sudi anataka polisi waondolewe mitaani, watoto wawafundishe wazazi adabu, na serikali imwingilie mtu mpaka chumbani mwake.

Mzee Sudi alimkodolea macho. "Mimi? Hayo nimeyasema lini?"

"Watu wa chaneli yako ndivyo wanavyosema."

"Umewahi kuitazama chaneli yangu?"

"Sijawahi," baba akakiri. "Chaneli yangu ndiyo iliyonionyesha."

Mzee Kombo akasema sivyo, zamu ya Sudi. Mzee Sudi naye akajitengeneza kitini, akatangaza kwamba Sefu anataka kila mtu atembee na bunduki, maskini akiugua aachwe nje ya mlango wa hospitali, na wageni wote warudishwe walikotoka.

"Wageni wote?" baba akauliza, mkono kifuani. "Mimi mwenyewe nimetoka Tanga. Nikirudishwa, hili dishi nitamwachia nani?"

Jikoni mama aliziba mdomo kwa kanga. Wazee walirudia mara nyingine, na nyingine tena, na kila mara jawabu lilikuwa sivyo. Hakuna aliyeweza kulieleza neno la mwenzake, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia. Tangu ile siku ya Idi kila mmoja alikuwa anaambiwa na watu wa ng'ambo kile anachofikiri rafiki yake wa zamani, naye anaamini. Akili za kuambiwa changanya na zako, walisema wahenga, lakini wazee wetu walikuwa wamechukua za kuambiwa tupu.

Mzee Kombo akawatazama mmoja mmoja. "Sefu, huyo Sudi unayegombana naye yumo ndani ya dishi. Huyu hapa amekuja kumwombea mwanawe mke."

Mama akanisukuma, nikaingiza chai. Nikarudi jikoni haraka, na nikiwa bado nimeushika mlango, nikamsikia baba akizungumza kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya dishi.

Alisema, "Nitakwambia ninachoogopa, Sudi. Katika nyumba hii namsemesha mwanangu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Kila mwaka maneno yangu yanapungua humu ndani. Akiondoka huyu, nitabaki nazungumza na kuta. Sasa yule bwana wa kwenye televisheni akisema tunanyang'anywa kilicho chetu, mimi naona ananisema mimi."

Mwanangu, nilisimama pale na sinia mkononi, machozi yananitoka. Kumbe baba hakuwa na shida yoyote na kodi za Marekani. Alikuwa na jeraha lake, na watu wa kelele, ambao hata jina lake hawalijui, walijua kwamba kila mtu duniani ana jeraha fulani. Wakaweka kidole pale, wakabonyeza kila siku, wakamwambia anayekuumiza ni yule. Na jeraha lenyewe nilikuwa mimi. Hilo hakuna chaneli iliyomwambia.

Mzee Sudi alianza kwa kurudia, kama sharti lilivyotaka: Sefu anaogopa kwamba bintiye akiondoka, atakosa wa kuzungumza naye lugha yake. Baba akasema, "Ndivyo." Ilikuwa ndivyo ya kwanza siku ile, na mama akashusha pumzi kwa nguvu mpaka nikaogopa watamsikia. Halafu Mzee Sudi akaeleza ya kwake. Mkewe alipougua, alitibiwa hapa London miezi mingi bila mtu kumuuliza ana nini mfukoni. Akisikia kwamba ziko nchi mgonjwa anaulizwa mfuko kwanza, humfikiria mkewe na usingizi humruka. Baba alilirudia hilo taratibu, hakuacha hata neno. Mzee Sudi akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo, akanywa chai.

Kisha akasema, "Na Rashidi wangu naye hunijibu Kizungu hivyo hivyo. Mimi naona tuwaoze hawa, wakajibizane hicho Kiingereza chao huko kwao, sisi tubaki tuzungumze."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Wakaniita. Wajua mila yetu: msichana akiulizwa kuhusu posa, hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali kwake. Lakini siku ile niliona kwamba katika nyumba yetu kunyamaza kumezidi. Nikasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, "Nimeridhika, baba, na sitakuacha uzungumze na kuta." Baba alimgeukia Mzee Kombo, akamwambia apeleke jibu, naye Mzee Kombo, kwa kuwa kazi ni kazi, akainuka na goti lake, akavuka zulia, akasimama mbele ya Mzee Sudi aliyekuwa amekaa hapo hapo anatusikia sote, akasema, "Nimetumwa kutoka Southall. Wamekubali."

Usidhani walikuja kukubaliana kuhusu Marekani. Walibishana mpaka Mungu alipowachukua, tena kwa sauti. Ila tangu siku ile hakuna aliyejibu kabla hajalirudia la mwenzake, na mara nyingi walipokuwa wanalirudia waligundua kwamba hawana la kujibu, wakahamia kwenye habari za basi na bei ya ndizi.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya jana. Uliketi mezani kwangu ukaniambia kwamba binamu yako Salha amebadilika, amekuwa mtu mbaya, humtaki tena. Nikakuuliza amesema nini. Ukanionyesha simu. Niliitazama simu ile kutoka mwanzo hadi mwisho, mwanangu, na Salha hakuwamo. Alikuwamo mwanamume wa Marekani mwenye kipaza sauti, akikueleza watu wa namna ya Salha wanafikiri nini.

Basi shika haya. Usimchukie mtu kwa neno ambalo hukulitoa kinywani mwake. Ukitaka kumpinga, lirudie kwanza neno lake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndilo, ndipo umpinge, na umpinge kweli, sikukatazi. Wale wa kelele hawalipwi ili uelimike, wanalipwa ili usiinuke kitini. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Na siku utakaposikia sauti ngeni ikikwambia kwamba unaibiwa, na moyo wako ukawaka, kaa chini ujiulize ni nini hasa kinachokuuma, kwa maana mara nyingi dawa yake iko chumba cha pili, haiko ng'ambo.

Mpigie Salha, umuulize yeye mwenyewe. Mola akujaalie masikio yenye subira na ulimi usiokimbia mbele ya akili, akupe wapinzani wanaokupenda, na asikuache ukamfanya adui mtu ambaye ungemuuliza tu angekwambia. Amin, mwanangu.