Mkaguzi wa Miguu

Leo fundi amepaka kibaraza changu hapa Bunju rangi nyekundu, na harufu yake imenirudisha Tabata, kwenye kibaraza cha nyumba yetu iliyojaa wapangaji.

Televisheni ilikuwa kwetu tu, watoto wa mwenye nyumba. Jumamosi mchana watoto wa wapangaji walijipanga mlangoni waje kuangalia katuni, na mama alinikabidhi mimi kazi ya kukagua miguu. Asiyenawa haingii. Niliipenda kazi ile kuliko hata katuni zenyewe.

Jumamosi moja rafiki yangu wa chumba cha uani alikuwa amenipiga mpira kwenye mchezo wa rede, nikatoka mapema, wenzetu wakanicheka. Zamu yake ilipofika mlangoni nikamwangalia miguu.

“Bado michafu. Kanawe tena.”

Akaenda bombani, akarudi. Nikamrudisha. Mara ya tatu alikuja amejisugua visigino kwa jiwe mpaka vimewiva.

“Mie naona bado,” nikasema.

Alishika ukuta, akaninyanyulia unyayo. “Basi nionyeshe wapi, nisugue.”

Nikafunga mlango. Kupitia dirisha niliona nyayo zake za maji kwenye kibaraza chekundu, hazina hata chembe ya mchanga. Hakuja tena kuangalia katuni, na baadaye kwao wakahama.

Fundi kasema mtu asikanyage hapa mpaka kesho. Angetokea rafiki yangu yule sasa hivi, ningemwambia apite tu, hivyo hivyo, na viatu vyake.