Saa Tisa na Nusu ya Lubumbashi

Safari yetu ya meli ilitoka kwenye gunia la unga. Duka moja la Randburg, hapa Johannesburg, lilikuwa na bahati nasibu kwa wanunuzi wa unga, na mume wangu, ambaye ni mlinzi kwenye geti la maduka yale, alitumbukiza kuponi ya gunia letu kwa sababu tu boksi lilikuwa karibu na kiti chake. Mimi nasuka nywele Jeppestown. Nilipopigiwa simu kwamba tumeshinda matembezi ya meli huko visiwa vya Karibiani, watu wawili, kila kitu bure, nilikata nikijua ni matapeli.

Hawakuwa matapeli. Kuhusu viza sitasema kitu, nisije nikapandisha presha.

Mume wangu ni wa Lubumbashi, mimi wa Tanga. Kiswahili chetu ni kimoja mpaka pale kinapotugombanisha. Mwanzoni aliniita "bibi yangu" nikanuna wiki nzima, nikidhani ananizeesha, kumbe kwao bibi ni mke. Kwenye kutaja saa ndipo tulipogombana hasa, hivyo Johannesburg tukakubaliana saa zote tuzitaje kwa Kiingereza, yakaisha. Lakini melini, baada ya siku tano za kumchekea kila mtu kwa Kiingereza, tuligundua hakuna anayetuelewa tukisema Kiswahili. Basi tukawa tunawasengenya abiria wenzetu kutwa nzima, na Kiingereza tukakisahau.

Asubuhi tuliyoshuka kisiwani, meli yetu ikiwa imefungwa kati ya nyingine mbili nyeupe kama yenyewe, nilipania kujilaza mchangani kama watu wenye pesa zao. Hatua chache tu nikamkuta mama mmoja anawasuka watalii, na njia aliyochana katikati ya kichwa imepinda. Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Kisha nikamwomba kitana. Foleni ikakua, nikajikuta nimevuka nusu ya dunia kuja kazini.

Mchana mume wangu akachoka kunisubiri. "Miye nende kutembea kidogo," akasema.

"Uwe bandarini saa tisa na nusu," nikamjibu, vidole vyangu vikiwa ndani ya nywele za mzee mmoja wa Kizungu. "Meli inaondoka saa kumi."

Uso ukamng'aa. "Saa tisa na nusu? Bon, kuko wakati mingi! Sharp, bibi yangu." Akaondoka anapiga mluzi. Kadi yake ya kupandia meli ilibaki kwenye pochi yangu, pamoja na simu zetu, ambazo kisiwani hazikushika mtandao hata kidogo.

Saa tisa na nusu alasiri nilikuwa bandarini. Saa kumi kasorobo bado nilikuwa peke yangu, na hasira imenifika kooni. Mtu huyu katika miaka yetu yote hajachelewa zamu hata dakika moja. Hapo ndipo nikang'amua. Hakuwa amechelewa. Sisi Tanga tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, kwa hiyo tisa na nusu ni alasiri. Lubumbashi wanasoma mshale ulipokaa: tisa ni tisa. Kwa hesabu yake alitakiwa arudi usiku, na bado alikuwa na saa sita za kuzurura.

Ofisa wa meli aliniuliza kwa adabu kama napanda au sipandi. Nikamweleza kwamba mume wangu ni mtu wa kuwahi sana, ila tisa yake si tisa yangu. Akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akarudia swali lake lile lile.

Nakiri nilifikiria kupanda. Zilibaki siku nne za chakula cha bure, na kitanda kizima ningekilalia peke yangu. Nilimkasirikia, tena nikamwogopea: hana kadi, hana simu, yuko kwenye kisiwa ambacho hata jina lake hakulishika. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikaushusha, nikaondoka.

Nilimkuta kwenye baraza la kinyozi, vifungo vyote vya shati wazi, anacheza domino na wazee watatu wasioelewa neno lake hata moja, wote wanapiga meza na kucheka. Njia nzima nilikuwa nimepanga matusi, yameanzia kwenye ukoo wake. Aliponiona akainuka kwa furaha, akanivutia kiti.

"Bibi yangu! Mbona umefika mbele ya saa?"

Kabla sijafungua mdomo, honi ikalia nyuma yangu. Akaangalia juu ya bega langu, akaiona meli inavyojitoa gatini, nyeupe, ndefu kama mtaa mzima. Akatikisa kichwa.

"Ona ile meli inaenda," akasema kwa huruma ya kweli kabisa. "Kuko batu batabakia hapa leo. Maskini, batalala wapi?"

Matusi yote yakanipotea. Nikakaa kando yake. Akainua mkono kuwapungia wanaokwenda, nami nikapunga.